JE, GEGEDU LA GOTI LAWEZA KUOTA TENA?

Na mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Najua wengi mmezoea kufungua jarida hili mkitafuta mashairi, vitendawili na hadithi. Mimi nimeonelea nilete somo la sayansi. Wapo wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya sungura na fisi tu, eti hakiwezi kubeba mambo ya maabara. Basi na tujionee.

Somo lenyewe lahusu gegedu la goti na vile vitu ambavyo wataalamu huviita vichocheo vya ukuaji. Shabaha yangu ni kueleza wachunguzi wametoka wapi, wamefika wapi, na kwa nini kazi iliyoonekana rahisi imekuwa kama kupanda mlima kwa magoti. Kuna jambo moja ambalo ningependa msomaji alishike tangu sasa: kuotesha gegedu ni kitu kimoja, na kuondoa maumivu ni kitu kingine. Mwenye kuuza dawa aweza kukuonyesha la kwanza, nawe ukadhani umeona la pili.

GEGEDU NI NINI?

Shika sikio lako, ulikunje, kisha uliachilie. Kile kitu kinachorudi mahali pake ni gegedu. La goti ni ndugu yake, ila lenyewe ni jeupe, limelainika na linateleza sana. Siku mkichinja kuku nyumbani, tazama mwisho wa mfupa wa paja. Utaona ncha nyeupe inayong'aa, ile ambayo watoto hugombania kuitafuna. Ndilo hilo.

Katika goti la mtu mzima unene wake ni kama milimita 2 hadi 4 tu. Hufunika ncha ya mfupa wa paja, ncha ya mfupa wa muundi, na upande wa ndani wa pia ya goti. Kazi yake ni kuzuia mifupa isisagane na kuusambaza uzito wa mwili. Sehemu yake kubwa ni maji, kama asilimia 65 hadi 80. Zinazobaki ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizofumwa kama wavu wa mvuvi, na ndani ya wavu huo mna molekuli zinazovuta maji kama sifongo. Seli zilizo hai ni chache mno, kama asilimia 1 au 2 hivi ya gegedu lote. Hizo chache ndizo fundi, na ndizo zinazoulinda wavu wote.

Sasa sikilizeni ajabu yake. Gegedu la goti halina mishipa ya damu wala neva. Halipati chakula kwa njia ya damu kama ngozi au misuli, bali kutoka kwa ule ute ulio ndani ya goti. Ukikanyaga, gegedu hubanwa likatoa maji. Ukiinua mguu, hufyonza ute wenye chakula. Kwa hivyo kutembea ni kulilisha.

KWA NINI HALIPONI?

Ukijikata kidole ukimenya viazi, damu hutoka. Katika damu hiyo mna vichembe vinavyoigandisha, navyo huachilia vichocheo vinavyoziita seli nyingine zije kujenga. Baada ya juma moja au mawili umesahau.

Gegedu likichubuka, hakuna damu. Pasipo damu hakuna mwito, na pasipo mwito haji mtu. Zile seli chache zimefungiwa ndani ya wavu wao, haziwezi kuhama kwenda penye shimo. Fauka ya hayo, kwa kuwa hakuna neva, mwenyewe hahisi kitu mpaka uharibifu ufike kwenye mfupa na ngozi laini inayolizunguka goti. Ndipo aanze kulia.

Jambo hili si geni. Mwaka 1743 daktari Mskoti aliyeitwa William Hunter aliwaandikia wataalamu wenzake wa London kwamba gegedu likishaharibika halirudi. Yapata karne tatu sasa, na bado madaktari wanahangaika na maneno hayo. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mwaka 2019 watu kama milioni 528 duniani walikuwa na ugonjwa wa kuchakaa kwa viungo, na goti ndilo lililoongoza, kwa watu milioni 365. Nani kati yetu hana nyanya au babu anayeshika ukuta akitaka kusimama?

KENGELE YA SELI

Katika bayolojia ya kidato cha tatu tunasoma somo la ukuaji. Mifupa na misuli tutaisoma kidato cha nne, lakini hili la ukuaji latosha kutufungulia mlango.

Kichocheo cha ukuaji ni protini ndogo ambayo seli moja huitoa ili iiambie seli nyingine la kufanya: gawanyika, tengeneza kolajeni, geuka uwe seli ya aina fulani, au acha. Waweza kukilinganisha na kengele ya shule yetu. Kengele haibebi tofali wala haifundishi, lakini ikilia, watu mia sita husimama. Tena angalieni: kengele ya saa nne ni ya mapumziko, na kengele iyo hiyo saa kumi ni ya kwenda nyumbani. Sauti ni moja, maana ni mbili. Hivyo ndivyo vilivyo vichocheo. Maana yake hutegemea nani amesikia, wapi, na wakati gani. Shikeni hapo, kwa sababu taabu yote ya wachunguzi imo humo.

Hadithi ya vichocheo ilianzia pakubwa katika mji wa St. Louis, Marekani, miaka ya 1950. Katika Chuo Kikuu cha Washington mjini humo, Rita Levi-Montalcini, mwanamke aliyezaliwa Italia, pamoja na Stanley Cohen, walichunguza kichocheo kinachokuza neva. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986.

Katika chuo hicho hicho, mwaka 1957, William Salmon na William Daughaday walikuwa wakichunguza gegedu la panya. Walitaka kujua homoni ya ukuaji hulikuzaje. Walipoitia homoni moja kwa moja juu ya gegedu ndani ya chombo, karibu hakuna lililotendeka. Walipotia majimaji ya damu ya panya mzima mwenye afya, gegedu likaanza kazi. Kumbe homoni haisemi na gegedu yenyewe! Humtuma mjumbe. Mjumbe huyo baadaye alipewa jina la IGF-1. Kwa hiyo mmoja wa vichocheo mashuhuri kabisa aligunduliwa kwa kuliuliza gegedu.

Mwaka 1965 huko Los Angeles, Marshall Urist alichukua mfupa, akauondoa chumvi zake kwa asidi, akaupandikiza ndani ya msuli wa mnyama. Mfupa mpya ukaota ndani ya nyama! Protini zilizofanya hivyo ziliitwa BMP. Halafu miaka ya 1980 kikaja kichocheo kiitwacho TGF-beta, ambacho chaweza kuzifanya seli changa zigeuke kuwa seli za gegedu.

Mtu yeyote angesema: basi kazi imekwisha. Dunga goti kichocheo, gegedu liote, mzee arudi shambani. Lakini wahenga walinena kwamba haraka haraka haina baraka.

NJIA YA KWANZA: KUDUNGA KICHOCHEO CHENYEWE

Miaka ya 1990 wachunguzi wa Nijmegen, Uholanzi, walidunga TGF-beta katika magoti ya panya. Seli za gegedu zilichapa kazi zaidi, ni kweli. Lakini ngozi laini ya ndani ya goti nayo ilisikia kengele ile ile, ikavimba, na kando kando ya mifupa kukaota vinundu vya mfupa ambavyo havikutakiwa. Mwaliko wa harusi ulisomwa na kijiji kizima.

Kichocheo kingine, FGF-18, kilitengenezewa dawa iitwayo sprifermin. Dawa hii ilijaribiwa kwa watu 549 wenye magoti yaliyochakaa. Wengine walidungwa dawa kwa vipimo na vipindi mbalimbali, na wengine maji ya chumvi, bila wao kujua ni kipi. Matokeo ya miaka miwili yalichapishwa mwaka 2019. Waliopata mikrogramu 100 kila baada ya miezi sita, gegedu lao lilikuwa nene kuliko la waliopata maji ya chumvi kwa tofauti ya milimita 0.05.

Je, milimita 0.05 ni kiasi gani? Chukua bunda la karatasi 500 za kupiga chapa, pima unene wake kwa rula. Utapata kama sentimita 5. Gawanya kwa 500: karatasi moja ni milimita 0.1. Basi faida ile ni nusu ya unene wa karatasi. Usicheke, kwani gegedu lenyewe ni milimita chache, na kulizuia lisipungue si haba. Ila swali la mgonjwa lilikuwa jingine: je, maumivu? Hapo tofauti ya maana haikuonekana. Hata waliodungwa maji ya chumvi walisema wamepata nafuu.

Jaribio hili ndilo lililonipa funzo kubwa. Kwa mara moja lilionyesha kwamba gegedu la binadamu laweza kuongezeka kidogo kwa kichocheo, na kwamba kuongezeka huko hakukumwondolea mgonjwa maumivu kuliko maji ya chumvi yalivyofanya. Maumivu ya goti hutoka katika mfupa, katika ngozi ya ndani, katika misuli iliyolegea. Gegedu halina neva, mkumbuke.

NJIA YA PILI: DAMU YA MGONJWA MWENYEWE

Wengine wakasema: kwani tuhangaike na kiwanda? Vichocheo vimo katika vile vichembe vya kugandisha damu. Tuchukue damu ya mgonjwa, tuizungushe katika mashine mpaka vichembe hivyo vijikusanye, kisha tumdunge gotini. Njia hii imeenea sana duniani, na wenye kuisifu ni wengi.

Mwaka 2021 wachunguzi wa Australia walitoa matokeo ya jaribio la watu 288. Nusu walidungwa majimaji hayo ya damu yao mara tatu, wengine maji ya chumvi. Baada ya miezi 12 maumivu yalikuwa yamepungua kwa makundi yote mawili, na tofauti kati yao haikuwa ya maana. Na gegedu je? Lilipungua kwa wote: asilimia 1.4 kwa waliopata damu na asilimia 1.2 kwa waliopata maji ya chumvi. Yaani maji yalikwenda sare na damu.

NJIA YA TATU: SELI INAYOBEBA KICHOCHEO

Kichocheo kikidungwa chenyewe hakikai. Goti hukisafisha upesi. Basi wengine wakafikiri: tupeleke kiwanda chenyewe ndani ya goti. Yaani tuchukue seli, tuitie jeni ya TGF-beta, iwe inakitoa kidogo kidogo ikiwa pale pale. Dawa ya namna hiyo, Invossa, iliruhusiwa kuuzwa Korea Kusini mwaka 2017.

Mwaka 2019 ukatokea mshangao. Ilibainika kwamba zile seli zilizobeba jeni, ambazo ziliandikishwa kuwa za gegedu, asili yake ilikuwa seli za figo zinazokuzwa maabarani. Uuzaji ukasimamishwa, na kibali cha Korea kikafutwa mwaka huo huo. Tayari wagonjwa walikuwa wameshadungwa. Sitaki kumhukumu mtu hapa, ila naona funzo limejileta lenyewe: kabla ya kuuliza dawa yafanya nini, ni lazima ajulikane aliyekagua kilichomo ndani ya chupa.

NJIA YA NNE: KUKIFUNGA KICHOCHEO MAHALI PAKE

Siku hizi wengi wameacha kuuliza ni kichocheo gani. Wanauliza: kitakaaje mahali pake, kwa muda gani, na kisikiwe na nani?

Mwaka 2020 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitoboa vishimo vidogo sana katika uso wa kiungo cha panya. Vishimo hivyo huziamsha seli changa zilizo katika mfupa. Kwa kawaida seli hizo hutengeneza kovu gumu lisilofaa. Safari hii waliweka juu yake utomvu uliobeba BMP pamoja na kitu cha kuzuia mishipa ya damu isiite. BMP peke yake huanzisha safari ya gegedu kuwa mfupa. Kizuizi kiliikatiza safari katikati. Gegedu likaota, likabaki gegedu. Ama kweli, kengele ilipigwa na mlango ukafungwa kwa wakati wake.

Mwaka 2024 nao wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Northwestern, jimbo la Illinois, walitengeneza kitu kama ubani uliotafunwa, chenye nyuzi zinazoishika TGF-beta. Walikijaza katika mashimo ya gegedu la kondoo. Kondoo walichaguliwa kwa sababu goti lao hubeba uzito kwa namna inayokaribia letu. Katika miezi sita gegedu lililoota lilikuwa bora kuliko la kondoo waliokuwa hawajatiwa kitu hicho. Habari njema, naam. Lakini ni kondoo, na shimo lililochimbwa na mchunguzi katika goti zima si sawa na goti lililochakaa miaka thelathini.

MASWALI MANNE YA KUULIZA

Mtasema, haya yanatuhusu nini sisi tunaokuja shule kwa miguu? Yanatuhusu. Nyanya yangu aliambiwa sokoni kwamba kuna sindano tatu zinazorudisha gegedu likawa jipya. Bei yake ilikuwa mbuzi wawili, na alikuwa na mbuzi watatu. Aliniita akaniuliza, "Mjukuu wangu, wewe unasoma sayansi. Nilipe au nisilipe?"

Sikumjibu ndiyo wala la, kwa sababu mimi si daktari. Nilimwambia, "Nyanya, kabla hujafungua kamba ya mbuzi, muulize huyo mtu maswali manne." Nimeyaandika hapa ili nanyi mpeleke nyumbani.

1. Dawa hiyo imejaribiwa kwa nani? Panya, kondoo au binadamu?
2. Ililinganishwa na nini? Kama haikulinganishwa na maji ya chumvi, nafuu iliyosemwa yaweza kuwa ya maji tu.
3. Walipima nini? Unene wa gegedu, au maumivu na uwezo wa kutembea?
4. Nani amekagua kilichomo ndani ya chupa, na waliodungwa waliangaliwa kwa muda gani?

Nyanya aliyakariri kama anayekariri sala, akaenda. Yule mtu alijibu la kwanza kwa maneno mengi, la pili akakasirika, la tatu na la nne hakuyafikia. Mbuzi bado watatu.

Je, nyanya akae tu na maumivu? La hasha. Daktari wa kliniki alimfundisha mazoezi ya kukaza misuli ya mapaja, akamwambia atembee kiasi asikae kitako siku nzima, na apunguze uzito. Kumbe uzito nao una hesabu yake. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu mnene mwenye goti bovu hulipunguzia goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua. Piga hesabu ya hatua elfu moja! Hakuna mbuzi anayeuzwa hapo. Goti lake halijawa jipya, wala hakuna aliyemwahidi hivyo, lakini sasa huteremka mwenyewe hadi mtoni.

TAMATI

Wanachama wenzangu, tumeona kwamba maneno ya Hunter ya mwaka 1743 yameanza kutikiswa, lakini hayajaanguka. Katika majaribio ya binadamu niliyoyataja, hakuna hata moja lililothibitisha yote mawili kwa pamoja, kwamba gegedu limerudi na maumivu yakaisha. Wachunguzi wamejua kuipiga kengele. Sasa wanajifunza kuipiga saa ifaayo, mlangoni pafaapo, na kuhakikisha aliyekuwa akilia amenyamaza. Pengine mmoja wetu katika kidato hiki atakuwa miongoni mwao. Akifika huko, na asisahau kutuandikia kwa Kiswahili.

ZOEZI

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini jeraha la ngozi hupona upesi kuliko la gegedu.
2. Kichocheo kimoja chaweza kuleta faida na madhara katika goti moja. Jadili.
3. Pima bunda la karatasi ofisini kwa ruhusa ya mwalimu, kisha uchore unene wa gegedu la milimita 3 na nyongeza ya milimita 0.05 ukizikuza mara 100.
4. Muulize mzee mmoja wa kwenu amewahi kuuziwa dawa gani ya magoti. Kisha mwachie yale maswali manne.